Shamba Lisilo na Mwenzake

Wakati ule nilikuwa katekista huku Gitambi, na ni mimi niliyesimama baada ya Misa kuwahimiza watu wapande maharagwe marefu, yale yanayotambaa juu ya miti. Walinisikiliza. Walikata hata miti yao ya kuni ili kuyaegemeza. Mavuno yalipokaribia nilisali kuliko kawaida. Maharagwe yale yakishindwa, jirani zangu watalala njaa, na aliyewaponza ni mimi.

Agronomu wa mradi ulioleta mbegu hizo, mtaalamu wa kilimo na dada mmoja mpole, alikuwa ameagiza kila mtu agawe shamba nusu kwa nusu: huku marefu, huku mafupi ya zamani. Wengi walikubali. Lakini wazee kadhaa walikataa kamba ya kugawia ipite katikati ya shamba lao, kwa maana kwetu shamba likigawanywa watu husema baba anaaga dunia.

"Papa katekista," jirani yangu mmoja mzee aliniambia, "unataka batoto bangu baanze kugombania urithi, na mimi bado ninakula?"

Akapanda marefu shamba zima. Baadhi ya wazee wakafanya kama yeye; wengine wakapanda mafupi tu.

Siku ya kupima, agronomu alikaa kwenye ngazi za kanisa na kikokotoo chake. Alitafuta wastani wa marefu yote na wastani wa mafupi yote, kwa kipimo kimoja cha ardhi. Marefu yalizidi, lakini hakufurahi.

"Papa, siwezi kuapa kwamba ni mbegu. Kuna mashamba ya bondeni na ya mlimani. Udongo umetofautiana mno, tofauti ya mbegu inamezwa humo."

Nilimwuliza tufanye nini.

"Labda tuwaache nje ya hesabu wale ambao hawakugawa," akaendelea. "Kama shamba la Mzee, ni marefu matupu, halina mwenzake."

Jirani yangu alikuwa nyuma yetu. "Halina mwenzake? Kwani nililima katika ndoto?"

Watu waliangua kicheko. Agronomu naye alicheka, akaomba radhi, akaanza upya kwa uvumilivu ambao hadi leo namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kwanza alichukua mashamba yaliyogawanywa. Katika kila moja alitoa mavuno ya mafupi katika mavuno ya marefu. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, kwa hiyo kilichobaki kilisemea mbegu. Kisha, pembeni, alilinganisha wastani wa wazee wa marefu na wastani wa wazee wa mafupi. Mwishoni aliunganisha majibu hayo mawili, ila si kwa uzito sawa. Lile la mashamba yaliyogawanywa halikuyumba sana toka shamba hadi shamba, akalipa uzito mkubwa. Lile la wazee liliyumba, akalipa mdogo, lakini hakulitupa.

Halafu alipima kama tofauti ya namna hiyo ingeweza kuletwa na bahati ya udongo tu. Mimi nilishika rozari mfukoni.

"Ni vigumu sana iwe bahati," akasema. "Marefu yamezaa zaidi, Papa. Na mashamba ya wazee yamesaidia."

Nilikaa kwenye ngazi. Nikasema asante kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Jirani yangu alikuwa tayari ameshika mfuko, anaomba mbegu za msimu ujao.

"Sasa utagawa, Mzee?" agronomu akamchokoza.

"Nitapanda shamba zima," akajibu. "Bado niko hai."