Milamula Katikati ya Kibanja

Nilizaliwa Ngenge, kwenye kibanja cha migomba ambacho nilijua tangu utotoni kwamba hakitakuwa changu. Baba alipofariki, kaka zangu walikigawana, mimi nikapewa kitenge na maneno mazuri. Sikuwalaumu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabinti wote niliowafahamu. Nikawa mwalimu Muleba, nikahama kutoka chumba cha kupanga hadi kingine karibu na barabara kuu, ambako mabasi ya Biharamulo yalitikisa vikombe vyangu kabatini kila yalipopita. Nilipohamishiwa shule moja ya Bukoba nilijiambia kwamba sasa, kabla sijazeeka, nitakuwa na mlango wangu mwenyewe.

Mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa dalali wa nyumba, mama wa Kiislamu aliyezaliwa mjini Bukoba, ambaye babu yake alikuja zamani kutoka pwani. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilitiririka kuliko chetu sisi tuliokijifunzia darasani. Aliniuliza kama nimewahi kununua nyumba. Nikamjibu kwamba sijawahi kununua hata kitanda kikubwa.

"Basi tutakwenda mara mbili kila mahali," akasema. "Kwanza na mwenye nyumba, halafu bila yeye. Akiwepo, utaona anachotaka ukione."

Nyumba niliyoipenda ilikuwa Nyanga, pembezoni mwa mji. Kuta za matofali ya kuchoma, bati lililoanza kushika kutu, na nyuma yake kibanja cha migomba na mibuni. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo anayeishi Mwanza. Baba yake alikuwa amefariki, nyumba ilikuwa tupu, naye alitaka kumaliza jambo hilo arudi kazini kwake. Tulipoingia, nilisikia harufu ya nyasi mbichi, zile tunazotandika sebuleni wakati wa msiba. Nikatazama chini. Palikuwa na saruji tupu, imefagiliwa.

Katika chumba cha nyuma nilifungua dirisha. Katikati ya migomba niliona milamula michache, yenye majani marefu membamba, imesimama pamoja, na chini yake ardhi imesafishwa kuliko pengine pote. Kwetu sisi mlamula hupandwa mpakani, na hupandwa kaburini.

"Ule ni mpaka wa zamani," muuzaji akasema, kabla hatujamuuliza.

"Mpaka wa nani na nani?" dalali akauliza.

"Wa zamani tu, mama. Hata mimi niliukuta."

Mimi nilifunga dirisha, na usiku huo kwenye chumba changu cha kupanga nilijaribu kupanga fanicha za nyumba ile kichwani. Kila nilipofika chumba cha nyuma, kitanda kilikataa kukaa.

Tulirudi siku ya mvua, wenyewe. Dalali alisema mvua ni nzuri, tutajua bati linavuja wapi. Tulikuwa tumesimama chini ya upenu tukingoja ipungue tuliposikia mtu akiongea ndani ya kibanja. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. Alikuwa akieleza kwa Kihaya kwamba maharage yamechelewa mwaka huu, kisha ananyamaza kidogo, kisha anacheka, kama aliyejibiwa.

Hakuna aliyemjibu. Dalali, ambaye Kihaya chake ni kama changu, alinishika mkono tukaenda pamoja.

Bibi kizee alikuwa ameketi chini ya milamula, amejifunika jani la mgomba kichwani. Alituona, wala hakushtuka. Alinitazama mimi peke yangu, muda mrefu, uso ukafunguka. Akaniita kwa jina ambalo si langu.

"Umerudi," akasema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Dalali alikunja baibui lake, akachutama kwenye tope mbele yake, akamwamkia kwa heshima zote. "Bibi, huyu ni mgeni. Ametoka Muleba. Je, uliyemtaja ndiye amelala hapa?"

Taratibu, macho ya bibi yakabadilika. Ndiyo, akasema, ni binti yake. Alikuwa ametoka kwa mumewe akiwa mgonjwa, akafia katika kile chumba cha nyuma. Bibi huyu alikuwa mke wa kwanza wa mzee aliyefariki. Muuzaji alikuwa mtoto wa mke mdogo. Siku hizi bibi alikuwa akikaa kwa mpwa wake jirani, na kila siku alikuja hapa. Msalaba ulikuwepo, akasema, ila kijana huyo wa mke mdogo aliporudi kutoka Mwanza aliung'oa.

Tulirudi barabarani tumelowa. Dalali aliniambia, "Mwalimu, usisaini chochote. Na usiikatae nyumba leo, kwa sababu leo unaogopa. Nipe nafasi nifanye kazi yangu."

Kesho yake alimwita muuzaji mbele yangu. Yule bwana alikasirika. "Wewe ni dalali wangu au wake?"

"Kazi umenipa wewe," akajibu. "Lakini atakayelala humu ni yeye. Ukimuuzia kaburi bila kumwambia, kila asubuhi atamkuta mama yako mkubwa mlangoni, na hatajua amfukuze au ampikie chai."

Muuzaji alitazama pembeni. Nilidhani atatufukuza. Badala yake alijifuta uso kwa kiganja akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Yule dada alinibeba mgongoni. Siwezi kupaona pale. Ndiyo maana nauza."

Dalali alitafuta wazee wa ukoo, akamwita mwenyekiti wa mtaa, akahakikisha bibi ameletwa na kupewa kiti. Mtu mmoja alipendekeza mifupa ihamishwe. Bibi alisema hapana, mara moja tu, na hakuna aliyerudia. Mwishowe walikubaliana kwamba sehemu ya kaburi itabaki mali ya ukoo, na itaachwa njia ya kupita. Kisha dalali akanigeukia mbele ya wote.

"Umesikia kila kitu. Bado unaitaka? Ukisema hapana, hakuna atakayekulaumu, na mimi nitakutafutia nyingine."

Nilimtazama bibi. Yeye alikuwa ananitazama kwa macho yale ya siku ya mvua. Nikasema naitaka. Mpaka leo sijui kama niliichagua nyumba au nilichaguliwa.

Miezi ya kwanza sikulala vizuri. Chumba cha nyuma nilikiacha bila kitu. Bibi alikuja, akapita, akaongea na mwanawe, na mara kwa mara aliniita kwa jina lile. Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye nikawa ninaitika, kwa sababu alipoitikiwa alikula nilichompikia. Siku moja nilishtuka darasani: mwanafunzi mmoja aliitwa na mwenzake kwa jina hilohilo, nami nikageuka.

Bibi alifariki msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, akazikwa chini ya milamula kando ya binti yake. Msiba ulikuwa kwangu. Hakuna aliyeniuliza, nami nisingekubali uwe pengine. Wanawake walitandika nyasi sebuleni, wakalala hapo. Muuzaji alikuja kutoka Mwanza na msalaba mpya mabegani, akauweka mwenyewe pale alipoung'oa ule wa kwanza, kisha akaja kuketi jikoni kwangu, akanywa uji.

Mwaka huu dalali alinijia na kijana mmoja na mkewe, wanaotaka nyumba yao ya kwanza. Walikuwa wamepata moja huko upande wa pili wa mtaa, nayo ina makaburi. Alitaka wanisikie mimi, wala hakunielekeza la kusema, nami nikawasimulia yote.

Mke aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo, siku nyingine naogopa, na siku nyingine ninawaambia walio chini ya milamula habari za maharage. Mume alicheka kidogo. Mke hakucheka. Aliuliza kama anaweza kukiona chumba cha nyuma, nami nikasimama nikamfungulia.