Msumari Kwenye Seva ya Tatu

Kuna watu wakiona taa ya kijani wanavuka bila kugeuza shingo. Sekela si mmoja wao, na asifiwe kwa hilo mchana kweupe.

Amekulia Keko, kwenye karakana ya baba yake, fundi Fredrick. Mzee yule hununua mbao za nyumba zilizobomolewa, na hakuna ubao unaoingia kwenye mashine yake kabla hajaupitisha kiganja pande zote nne. Msumari uliofichwa na rangi ukikutana na msumeno, jicho la mtu linakwenda hivi hivi. Sekela alibeba desturi hiyo mpaka kwenye kompyuta. Wenzake walimcheka wee, mpaka wakachoka.

Ofisi yao, pale Temeke, inatunza orodha ya wachangia damu. Muuguzi akiandika "O hasi, Mbagala", seva tatu zinasaka kwa pamoja, na majina na namba za simu zinatoka papo hapo. Kila seva ina watu wa upande wake wa jiji. Ya tatu ndiyo yenye Temeke yote, Mbagala ikiwemo.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, seva zilikuwa zihamishiwe kwenye toleo jipya la programu. Sasa toleo jipya halina subira: likikuta kwenye faili la mipangilio agizo la zamani lisilotumika tena, halionyi, linagoma kuwaka. Bosi wake, Gozbert, alikuwa ameshafanya ukaguzi tangu Ijumaa.

"Ripoti safi, kijani tupu," alisema, funguo za gari mkononi, maana nyumbani Mbweni ana wageni. "Bonyeza tuondoke. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka, kaka Gozbert. Naomba niione mwenyewe."

Akaisoma. Akairudia, kidole juu ya kioo.

"Mbona hapa zimekaguliwa seva mbili? Ya tatu iko wapi?"

Gozbert akakuna kichwa. Ijumaa fezi moja ya umeme ilikatika, na seva ya tatu ilikuwa kwenye fezi hiyo hiyo. Ilizimika mpaka Jumamosi. Ukaguzi ukapitia zilizo macho, ukatangaza heri. Lo!

Sekela akavuta kiti, akafungua faili la seva ya tatu na kulipitia mstari kwa mstari. Gozbert akatazama saa, akaguna, akatazama tena. Karibu na mwisho, msumari huo: agizo la kizamani linaloikataza seva kujifanya kiongozi wa zote mpaka izione zile mbili. Wangebonyeza na kuondoka, seva ingegoma, na watu wa Mbagala wasingeonekana mpaka Jumatatu.

"Nani mjinga alipachika hii bila kuacha hata neno moja la maelezo?" Gozbert akafoka.

Sekela angeweza kunyamaza. Fundi waliyekuwa naye zamani alishahamia Mwanza, lawama ingemkaa vizuri tu na asingejua. Akageuza kiti kumkabili Gozbert.

"Mimi," alisema. "Mwaka ule wa mgao wa umeme. Seva ilikuwa ikiamka peke yake inajitawaza, ndio nikaifunga kamba. Halafu nikasahau. Nisamehe."

Gozbert akaziweka funguo mezani.

"Futa," alisema. "Na zile mbili tuzipitie kwa mkono pia. Wageni watakula, watasubiri."

Saa kumi na nusu seva zote tatu zikawaka. Hazijapita dakika kumi, simu ikalia: Salma, muuguzi wa zamu katika wodi ya wazazi.

"Nyie, mtambo wenu umelala? Nimejaribu mara mbili! Nina mzazi anavuja damu hapa, O hasi!"

"Jaribu sasa hivi, dada."

Vidole vikasikika vikigonga.

"Ehee! Wapo wanne. Mmoja huyu hapa Mbagala, jirani kabisa. Haya, bai!" Akakata, hata asante hakusema.

"Mbagala," Gozbert alisema taratibu. "Seva ya tatu hiyo."

Sekela alikuwa ameinamia lile faili, na pale alipofuta agizo akiandika tarehe, sababu, na jina lake kamili.