Wapolandi Wengine

Mwanangu, iko siku moja ya mvua ambayo nikiikumbuka hata leo miguu yangu haitulii. Naona kama natakiwa kuinuka, nikimbie mahali. Sogea hapa karibu nikusimulie, maana wewe ni msafiri na mimi sijui nitakuona tena lini.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Ringwani, nyumba zimepangwa mistari kando ya barabara, na watu waliozoea kukaa mbalimbali sasa wanasikia mpaka kikohozi cha jirani. Mimi nilikuwa mke kijana, nimeolewa si zamani. Kwa kuwa nilisoma shule ya misheni kule Tarime mpaka darasa la nane, nilipata kazi kwenye zahanati ya kijiji. Nilifunga vidonda, nilichemsha vyombo, nilipima watoto. Mkuu wa zahanati alikuwa mkunga mzungu tuliyemwita Mama Helena.

Mama Helena alikuwa Mpolandi. Wakati wa vita kuu ya pili, akiwa mtoto mdogo, yeye na mama yake walifukuzwa kwao, wakazungushwa nchi za barafu na nchi za jangwa, mpaka wakafikishwa Tanganyika na kuwekwa kambini upande wa Arusha pamoja na Wapolandi wenzao. Mama yake alifia huko huko. Vita ilipokwisha wengi wa wenzake walikwenda Uingereza na kwingineko, yeye akabaki, akasomea uuguzi. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Kikurya cha kusalimiana alikijua, na akiudhika alisonya kama mama yeyote wa hapa.

Halafu wakaja Waingereza wawili, mtu na mkewe. Mume, Bwana Peter, alikuwa mtaalamu wa pamba. Mke aliitwa Joan. Nyumba yao ilitenganishwa na zahanati na ua wa minyaa tu. Sisi tulifurahi kwa ajili ya Mama Helena, tukasema masikini, leo amepata wenzake. Kwetu sisi mzungu alikuwa mzungu, hatukujua kama nao wana kwao na kwao.

Siku ya kwanza Mama Helena alikwenda kuwakaribisha, akazungumza nao kwa Kiingereza. Mama Joan akatabasamu, akamsahihisha neno moja. Pengine hakukusudia ubaya. Lakini tangu siku hiyo Mama Helena hakumsemesha tena kwa Kiingereza. Akiwa na la kumwambia, ananiambia mimi kwa Kiswahili, nami nampelekea Mama Joan kwa Kiingereza. Mama Joan akijibu, Mama Helena anaelewa kila kitu, lakini anangoja nimtafsirie. Basi nikawa nimesimama kati ya wazungu wawili kama mlango. Na kwa kuwa sikupenda ugomvi, maneno ya Mama Helena niliyalainisha kabla sijayafikisha. Akisema, "Mwambie huyo malkia mbuzi wake wamekula mchicha wangu," mimi nasema, "Mama Helena anauliza kama unaweza kufunga mbuzi."

Kila mmoja alikuwa na hadithi yake ya kunieleza pembeni. Mama Joan aliniambia baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Baada ya vita Wapolandi walipelekwa kwenye machimbo ya huko Uingereza, na baba yake kila wakati wa kula alisema hao ni walevi, ni waongo, wamekuja kuchukua kazi za watu na binti za watu. Mama Helena naye aliniambia Mwingereza anacheka kwa meno tu. Kule kambini ofisa mmoja wa Kiingereza aliwakataza mama zao wasionekane wamebeba kuni na maji, eti wanawaaibisha wazungu mbele ya Waafrika. "Mama yangu alikuwa na njaa," alisema, "na yeye anaogopa aibu."

Mama Joan akashika mimba. Zahanati iko hapo, mkunga yuko hapo, lakini yeye kila akitaka kupimwa alipandishwa Landrova mpaka Musoma. Mama Helena alimwona akipita, akawa anasonya na kugeuka. Sisi wote tulijua mvua zikikolea njia ile haitapitika. Nilikosa raha. Nilikuwa nikiamka naangalia mawingu kabla sijaangalia moto.

Siku yenyewe ilianza na mvua ya alfajiri ambayo haikukatika. Kulipopambazuka vizuri Bwana Peter alikuja zahanati amelowa mpaka mgongoni, akasema uchungu umeanza kabla ya wakati wake, na Landrova imezama kwenye udongo mweusi hapo hapo nje ya kijiji. Hata ingenasuka, mto ulikuwa umefurika. Alikuwa anakwenda kutafuta watu na ng'ombe wa kuivuta. Aliniomba mimi nikakae na mkewe. Mimi, mwanangu, si mkunga. Alinitazama mimi, na Mama Helena amesimama pale pale.

Nilimwangalia Mama Helena. Akachukua mkoba wake, tukavuka ua pamoja. Tulipofika mlangoni mwa chumba Mama Joan alinyanyua kichwa, akamwona, akaniambia kwa Kiingereza, "Si yeye. Ghati, sitaki mikono yake iniguse."

Hilo halikuhitaji tafsiri. Mama Helena aliweka mkoba chini, akaketi kwenye stuli barazani, akakunja mikono. Nikampigia magoti. Nikamwambia, "Mama, mtu anaumwa."

"Hajanitaka," alisema. "Nami siwezi kumshika mtu kwa nguvu."

Nikarudi ndani. Mama Joan ameshika mti wa kitanda, jasho linamtoka. Nikatoka nje. Nikarudi tena ndani. Kila nikiingia namwomba mmoja, nikitoka namwomba mwingine, na mvua inapiga bati hata sijisikii. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na woga, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilifikiri, mtoto atakufa hapa kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja aliyeko ng'ambo ya bahari.

Nikasimama katikati ya mlango. Nikamuuliza Mama Helena kwa nini kweli hataki kuingia, na safari hii nikamwahidi kwamba nitapeleka neno lake kama lilivyo. Kisha akasema, na mimi nikawa namtafsiria Mama Joan sentensi kwa sentensi bila kulainisha chochote:

"Anasema anaogopa. Anasema ukifa wewe, au akifa mtoto, mumeo atasema Mpolandi ndiye aliyeua. Na kila Mwingereza atamwamini. Anasema amekuwa mgeni maisha yake yote na hana mahali pengine pa kwenda."

Mama Joan alifumba macho. Nilidhani amezirai. Uchungu ulipopita akasema polepole, "Mwambie mtoto wangu wa kwanza alikufa. Nilipomzaa nilitoka damu nyingi, nusura nami nife. Ndiyo maana naogopa kila mkono."

Kabla sijafungua mdomo Mama Helena alikuwa ameshaingia ndani. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamuuliza kwa Kiingereza chake kile kile kilichosahihishwa, "Kwa nini hukuniambia wakati wote huu?"

"Kwa sababu ni wewe," alisema Mama Joan.

Mama Helena alinituma zahanati kuchukua sindano ya kuzuia damu, nami nikakimbia kwenye tope, nikaanguka, nikainuka. Niliporudi walikuwa wameshikana mikono. Si kwa mapenzi, mwanangu. Kwa shida.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kiume, akakataa kulia. Mama Helena alimfuta, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi mdomoni, huku midomo yake ikisema maneno ya kwao ambayo sikuyajua. Alipolia mimi nilikaa chini sakafuni. Lakini haikuwa mwisho. Damu ilianza kumtoka Mama Joan kama alivyosema mwenyewe. Mama Helena akamchoma ile sindano, akamkandamiza tumbo kwa mikono miwili, akakandamiza na kukandamiza mpaka mishipa ya shingo yake ikasimama. Mwisho damu ikapungua, ikaacha. Kama asingeambiwa habari ya yule mtoto wa kwanza, sindano ingekuwa bado kabatini.

Mama Joan alipopata nguvu ya kusema, alimtazama, akaniambia, "Mwambie namshukuru. Mwambie yeye si kama Wapolandi wengine."

Nilimtafsiria nikicheka kwa furaha. Nilifikiri sasa yamekwisha. Mama Helena alikuwa ananawa mikono. Akanawa, akajifuta, akachukua mkoba wake na kuondoka bila neno.

Jioni nilimhadithia mama mkwe wangu, Mama Nyangi, tukiwa jikoni anasonga ugali. Yeye alikuwa Mwikoma aliyeolewa kwa Wakurya tangu usichana wake. Nikamwambia, "Mama, watu hawa ni wagumu. Mtu amesifiwa, amenuna."

Alitoa mwiko chunguni. "Amesifiwa vipi?"

Nikamwambia tena yale maneno.

"Na wewe Ghati umeyabeba ukampelekea," alisema. "Hiyo ni sifa? Hapa nyumbani wamenisifu hivyo tangu nilipoolewa. Wewe Nyangi una bidii, si kama Waikoma wengine. Nikawa nacheka nao. Siku moja kaka yangu alikuja kunisalimia. Unajua walimkalisha wapi? Nje, karibu na ndama, na mvua inanyunya. Maana mimi nilikuwa mzuri, lakini yeye alikuwa ndiye Waikoma wengine." Akarudisha mwiko chunguni. "Yule mama alizikwa hapa nchini, aliyemzaa Helena. Naye ni Mpolandi mwingine. Kesho nenda ukarudishe ulichobeba."

Sikula vizuri. Mimi ni nani wa kumrekebisha mzungu, na mzazi tena? Lakini mama mkwe ameshasema. Asubuhi nilivuka ule ua, nikamkuta Mama Joan ananyonyesha. Nikamsalimu, nikamuuliza habari ya mtoto, nikazunguka zunguka mle chumbani nikinyoosha vitu vilivyokuwa vimenyooka. Mwisho nikasema, "Mama, jana ulisema Wapolandi wengine. Wengine hao ni akina nani?"

Alinitazama kama hakuelewa. Nikamuuliza tena, "Uliowajua wewe. Walikufanya nini?"

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Sijawahi kumjua hata mmoja. Ni baba tu alikuwa anasema."

Mama Helena aliingia wakati huo huo kuangalia kitovu cha mtoto. Nilisogea katikati kama kawaida yangu. Mama Joan akanyoosha mkono kunizuia. Akajitahidi mwenyewe na Kiswahili chake kibovu: "Mama Helena. Mimi nimekosa. Watu yako, mimi hapana jua. Mama yako, mimi hapana jua."

Mama Helena angeweza kumsahihisha, mwanangu. Kulikuwa na mengi ya kusahihisha katika sentensi ile. Alikaa kitandani, akasema kwa Kiingereza, "Na mimi nilikaa barazani kwako nikisikiliza unaumwa, huku nawakumbuka Waingereza wote walioniudhi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa humo ndani. Ulikuwa wewe tu."

Kuanzia hapo sikuhitajika tena kusimama katikati yao. Sikudanganyi kwamba walikuwa marafiki wa kushikana mabega. Walibishana habari ya mbuzi mpaka Waingereza wale waliporudi kwao. Bali walibishana wao kwa wao, uso kwa uso. Na yule mtoto aliitwa jina la babu yake, yule yule mchimbaji wa makaa ya mawe aliyewatukana Wapolandi, ambaye Mama Joan alikuwa amemsimulia Mama Helena habari zake. Mama Helena alimzungusha kijiji kizima akimwonyesha kwa watu na kuwaambia jina lake, anacheka mpaka anatoa machozi.

Sasa nisikilize. Juzi mchumba wa kaka yako alipokuja kutoka upande wa Wajaluo, akaosha vyombo na kuwahudumia wageni, wewe ulisema mbele ya watu, "Shemeji huyu ni mzuri, si kama watu wa kwao." Ulifikiri umempa heshima. Mimi nilimwona alivyoinama. Kumtoa mtu kwa watu wake ndipo umsifu ni kumtukana kwa sauti ya upole, na yeye analazimika kukushukuru. Ukiona mtu ni mzuri, sema ni mzuri, ukomee hapo. Na ukisikia ulimi wako unataka kusema hao watu ndivyo walivyo, jiulize kwanza, nimemjua nani miongoni mwao, au nimerithi tu maneno ya mezani? Ukiwa na neno na mtu, mpelekee mwenyewe. Lisilosemwa lilikaribia kuua mama na mtoto pale Ringwani, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Unakwenda Kewanja kutafuta kazi mgodini, na huko utakutana na watu wa kila namna, weusi na weupe. Mungu akutangulie. Akupe kazi, akupe afya, akukinge na mabaya. Na wewe nawe huko ugenini, akukutanishe na watu watakaokupenda bila kukutenga na sisi tuliokuzaa.