Mwaka Nilioacha Kula Unga wa Mawe

Harufu ya mawe yaliyosagwa, yakinyunyiziwa maji ili vumbi litulie, ndiyo iliyokuwa ikinijaza mate mdomoni mwaka nilipotimiza miaka kumi. Cheka ukitaka, mimi mwenyewe sasa nacheka. Tulikuwa tumehamia Rwamgasa kutoka Songwa, mimi na mama tu, maana baba alikwishafariki. Mama aliwapikia wachimbaji kwenye kibanda cha mabati, hatua chache kutoka kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu hadi yalainike kama sembe. Kutwa karasha ilinguruma, na kutwa ile harufu ilikuja jikoni, ikapita wali, ikapita maharage, ikanifikia mimi. Nilianza kwa kulamba kidole. Kisha nikawa nachota kidogo, nafunga kwenye pindo la sketi ya shule, nakula darasani kimyakimya. Ule unga ulikuwa wa baridi ulimini, na kila nilipoumeza kichwa changu kilitulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Chakula cha mama, ambacho watu wazima walikigombania, nilikikinai kabisa. Mazoea yana taabu.

Siri ya namna hiyo haikai. Mchana mmoja kibanda kilikuwa kimejaa, na mchimbaji mmoja mrefu, mpenda utani, akasema kwa sauti, "Mama Shija, huyu mtoto asiende chooni hovyo. Tumuoshe kwanza kwenye karai, hatukosi punje mbili tatu za dhahabu."

"Anza kuosha hiyo sahani yako," mama alimjibu, na wote wakacheka. Lakini nilimwona akigeukia ukutani, akajifuta macho kwa kanga. Nilikuwa nimekonda, viganja vyangu vimepauka, na kupanda kile kilima cha shule nilipumzika mara tatu. Alikuwa amenichapa, amenipaka pilipili vidoleni, ameniombea. Jirani yetu alishamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Siku hiyo mama aliteremsha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo zangu humo. Shule ikifunga, alisema, narudi Songwa kwa bibi, mbali na karasha. Tangu nizaliwe sikuwahi kukaa mbali na mama hata siku moja. Niliona bora nife.

Kabla shule haijafungwa alinipeleka zahanati. Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Aliipokea shikamoo yangu, akanifunua jicho, akanipima damu, kisha akamgeukia mama. "Usimchape tena. Tumbo na ubongo vina njia yao ya kupelekeana habari, havinyamazi hata ukilala. Huyu damu imepungua, na minyoo nayo inamnyonya. Mwili unalia kwamba kuna kitu unakosa, ila kichwa kinaelewa vibaya, kinamtuma akale udongo."

"Sasa hicho kichwa atakisahihisha nani?" mama aliuliza.

"Dawa zitasaidia, na yeye mwenyewe, polepole. Tumbo hufundishika, Mama Shija. Ukilizoesha kitu, ndicho litakachodai kesho."

Alinipa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akanionya kwamba pale kwenye mawe pana zebaki, ile ya kukamatia dhahabu, na zebaki haina huruma na ubongo wa mtoto. Lakini mimi nilitoka pale nikitabasamu. Kumbe sikuwa na pepo. Kumbe tumboni mwangu kulikuwa na mtu anayepiga simu kichwani kutwa nzima, na anayepokea ndiye asiyeelewa lugha!

Nikaanza kuongea naye njiani kwenda shule. Bibi alikuwa ametutumia kigunia cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Ukiitafuna mikavu huvunjika ikawa unga, na ina harufu ya mbali ya shamba. Nikaifunga kwenye pindo la sketi badala ya mawe. Hamu ikinishika natafuna kipande, naliambia tumbo: ujumbe umefika, pokea hiki. Nyumbani nikala nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga, na dagaa pembeni. Mwanzoni nilikula kama ninayekunywa dawa. Wiki ya kwanza nilishindwa mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia mama mwenyewe kabla hajaniuliza. Hakunichapa. Alisema tu, "Kesho ipo." Begi hata hivyo lilibaki palepale, limejaa.

Siku tatu kabla ya kufunga shule, mama alinituma nipeleke chakula kwenye karasha. Yule mchimbaji mrefu aliponiona alichota unga wa mawe kiganja kizima, mbichi, unanukia, akauleta hadi puani pangu. "Karibu chakula, dada. Leo tumekosa mboga tu."

Nilisimama na masufuria yangu nikasubiri mate yaje. Niliyasubiri kweli, kwa hofu. Hayakuja. Kilichonijia ni ladha ya karanga.

"Kula wewe, kaka," nikamwambia. "Mimi nsansa yangu inapoa."

Wenzake walimzomea mpaka akapukuta mikono. Nilipogeuka nikamkuta mama nyuma yangu, ameshika jagi la maji ambalo alikuwa amesahau kunipa. Tuliporudi nyumbani alifungua begi, akazitoa nguo zangu moja moja, akazitundika kwenye kamba.

Leo karasha zimeongezeka, na vijana wananionyesha kwenye simu video za tumbo na ubongo kama habari mpya. Mimi najidai kwamba niliyajua nikiwa na miaka kumi. Shule niliishia kidato cha pili. Napika na mama, na ninaota kufungua hoteli yangu mwenyewe kule Mhunze, upande wa kwa bibi, nsansa ikiwa ya kwanza kwenye ubao. Wanakuja wajawazito wameficha udongo wa sokoni kwenye pindo za kanga. Siwacheki. Nawapakulia, kisha nawasindikiza zahanati. Juzi mmoja aliniuliza kwa aibu, "Wewe dada, nani alikuachisha?" Kabla sijafungua mdomo, mama alijibu kutoka jikoni, mwiko mkononi:

"Huyo hakuachishwa na mtu. Aliacha mwenyewe. Mimi nilikuwepo."