Nilimwambia mama dirisha la chuo limefungwa, kumbe nilikimbia mwenyewe

Wakuu, poleni na majukumu. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Sitaongeza chumvi.

Mimi ni mtoto wa korosho, kijiji kimoja huku Nanyamba. Baada ya form four nilichaguliwa certificate ya computer science, ile ya kuanzia kabisa, chuo kimoja Mtwara mjini.

Kompyuta nilikuwa sijawahi kuigusa. Mashine niliyoijua ni ya kupulizia salfa tu, ile dawa ya unga ya mikorosho, na hiyo hata ikizima shambani naifungua na kuifunga mwenyewe.

Sasa ndiyo ulikuwa msimu wenyewe. Baba alishafariki, mikorosho imetoa maua, na usipopuliza ugonjwa unakula maua yote. Mama akaniambia, "Malizia kwanza shamba la juu, baba, ndiyo uende."

Nikamalizia. Siku ya mwisho ya ku-confirm nafasi chuoni nikaenda mjini, na nikafika asubuhi tu, muda upo.

Ujinga wangu unaanzia hapa.

Mlango wa lab ya kompyuta ulikuwa wazi. Ndani vijana wanachapa keyboard bila hata kuiangalia, huku wanapiga stori. Nikatazama vidole vyangu, kucha bado zina njano ya salfa.

Nikajisemea, hawa wameshajua, mimi nitakuwa kichekesho cha darasa. Nikasimama pale ukutani kama nusu saa na fomu mkononi. Halafu nikageuza. Sikumuuliza hata mtu mmoja.

Nyumbani nikasema, "Nimekuta dirisha la udahili limefungwa."

Mama akakaa chini. "Ni mimi," akasema. "Ni salfa yangu hiyo."

Nilitakiwa kufungua mdomo palepale. Nikamwacha aamini hivyo, na kusema kweli niliona afadhali.

Miaka imekwenda. Naendesha bodaboda huku Mtawanya, nina familia, njaa hatulali. Mwaka huu mdogo wangu Zuhura kachaguliwa kozi ileile, chuo kilekile.

Nilipoenda kusalimia nikamkuta mama shambani peke yake, mashine mgongoni, uso wote vumbi la salfa, anakohoa. Zuhura kapigwa marufuku kukanyaga shambani mpaka aripoti chuo.

Nikamvua ile mashine nikamalizia mistari iliyobaki. Akaniambia, "Wewe nilikuchelewesha. Huyu simcheleweshi."

Zuhura alipomaliza wiki ya kwanza nikampigia simu kumuuliza wamefundishwa nini.

"Kuwasha kompyuta na kushika mouse, kaka. Karibu darasa zima hatujui kitu."

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Wale niliowaona lab walikuwa wa mwaka wa mbele. Wapya si ndiyo sisi tuliokuwa tunakuja ku-confirm? Hilo halikunijia kichwani miaka yote.

Kwa hiyo wewe kijana uliyechaguliwa na unaogopa kwa sababu hujui kompyuta, ingia ndani ukaulize. Ndiyo maana ikaitwa ya kuanzia.

Ila kinachoniuma siyo kozi. Kila Ramadhani ikikaribia, mama hunipigia kuniomba radhi kwa mwaka ule. Na mimi, bila aibu, humjibu, "Nimekusamehe, mama."

Karibu atapiga tena. Wakuu, mngekuwa ninyi mngemjibu nini?