Fundi Aliyekimbia Akiwa Amekaa

Kama hujawahi kumwona mpwa wangu akikimbia, pole yako, umepunjwa. Ni mtoto wa dada yangu, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Mtaa mzima unamwita Bobini, kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani, kwa sababu hajui kutulia. Miguu ile kairithi kwangu. Asiyeamini aje aitazame yangu, ingawa siku hizi imejificha kidogo chini ya kitambi.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, utasikia raba zake zikipita, pa, pa, pa, halafu kimya. Aliwahi kuniambia kwamba akishavuka daraja na kwenda mbali sana, mwili humwacha. Hujiona yuko juu, anatazama mabati yakielea ndani ya ukungu, na chini kabisa msichana fulani anakimbia wala hachoki.

"Mjomba, pale hata jina langu silikumbuki."

Mashindano marefu ya mwaka yalipokaribia, akazidisha. Asubuhi anakimbia, jioni anakimbia, na jua la utosini nalo halikumwacha nyumbani. Siku moja, akiwa kilimani, moyo ukaruka pigo kama sindano inavyoruka mshono. Akakaa chini, akainuka, akakimbia tena. Ukaruka tena.

Daktari akampima kwa mashine zake.

"Dada, moyo wako umechoka. Ukiendelea hivi utaharibika kabisa. Unataka kukimbia mwaka huu tu, au mpaka uote mvi?"

"Mpaka niote mvi," akajibu, machozi yakimlengalenga.

"Basi pumzika. Usikimbie hadi nikuruhusu."

Mtoto akatii, akakaa kwenye kiti chake cha kazi. Lakini cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Kumbe mikono ikishona, miguu iko mashindanoni! Alifumba macho, akaanza taratibu penye tambarare, akafika darajani, akakanyaga kwa nguvu zote penye kilima. Mteja mmoja alishonewa suruali yenye mguu uliomzidi kimo. Mimi nilikuwa napita pale dirishani nikisifu, fundi gani mwingine ana kasi hii? Dada yangu ndiye aliyeshtuka, alipougusa mkanda wa cherehani akaukuta wa moto na mtoto anahema.

"Hivi wewe unashona au unakimbizwa?"

"Mama, si nimekaa?"

"Makalio ndiyo yamekaa! Miguu iko wapi?"

Wakarudi hospitalini. Daktari akacheka mpaka akavua miwani, kisha akampima, kicheko kikakatika, maana moyo ulikuwa bado unaruka.

Cherehani ikafunikwa shuka. Bobini akabaki kushona vifungo kwa mkono, siku zikipita juu yake kama mawingu, mpaka moyo ukatulia. Hapo ndipo akaruhusiwa kukimbia, ila kwa mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga njia nzima, tena nyuma ya mtu asiyejua haraka. Dada yangu akanitazama, kitambi juu, kitambi chini.

"Huyu hapa."

Nikapokea cheo. Katika ukoo huu ni mimi peke yangu ninayemwongoza Bobini mbio, na atakayebisha anitafute.

Siku ya mashindano ikatukuta barabarani kwenye mazoezi yetu ya kawaida, mimi mbele, yeye nyuma. Ukungu ulikuwa mzito. Mara tukasikia vishindo kama mvua inayokuja juu ya mabati. Wakimbiaji wakatupita kulia na kushoto, migongo, viwiko, pumzi. Nikasikia raba zake zikibadilisha mlio. Akanifikia begani, akanipita.

"We mtoto!"

"Naenda pale tu, mjomba."

"Pale wapi?"

Nilimwona akipauka ndani ya ukungu, nusu mtu nusu moshi. Halafu mkono wake ukapanda kifuani ukabaki pale, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kundi likayeyuka huko mbele na vishindo vikaisha. Akapunguza, akapunguza tena, nikamfikia, akarudi nyuma yangu pole pole.

Mara nikasikia sauti yake chini chini mgongoni kwangu.

"Unanung'unika nini huko nyuma?" nikamuuliza.

"Nasema kamba ya raba yako ya kushoto imefunguka, na ukijikwaa ukaanguka na hilo tumbo mimi sikuinui, nitakaa pembeni nikungojee mpaka jua litoke."

Aliyasema yote bila kuhema. Sikuinama kuifunga kamba. Ningeinama, angenipita.