Mtoto Aliyekataa Utepe wa Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kanisani, nikafika saa moja kasoro, nikakuta mlango bado umefungwa. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea mjini Bungoma, na ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kule Endebess hadi nikachoka na chaki. Nikasikia kuna kampuni inayochukua watoto walioshindikana, ikawarekebisha kwa ada. Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoona kibao.

Nyinyi vijana mmezoea kila kitu kuwa na kampuni yake, lakini sisi tulishangaa. Haikuwa kazi ya serikali wala ya kanisa. Ilikuwa biashara yenye wenye hisa, kama kiwanda cha maziwa. Bungoma palikuwa na ofisi ya mapokezi na shule mbadala, yaani shule ya kutwa ya watoto waliofukuzwa kwingine. Kitale palikuwa na kituo cha bweni, katika nyumba kubwa iliyoachwa na mlowezi, ambako mtoto alikaa muhula baada ya muhula hadi arekebike.

Kazi yangu ilikuwa usaili wa mapokezi. Mzazi anangoja nje kwenye benchi, mtoto anakaa mbele yangu nusu saa, mimi najaza fomu. Nafasi ya kuandika sababu ya kuletwa ilikuwa mstari mmoja tu. "Andika kifupi, andika kinachoeleweka," Msimamizi wa Mapokezi alizoea kuniambia. "Kitale hawana wakati wa hadithi."

Hapo nilijiona nimefika. Mimi ni Mkikuyu, na ulimi wa mama yangu haukuijua l hata kidogo. Kwetu tulikula ugari, kisha tukarara. Shuleni nilichekwa mpaka nikaapa nitakijua Kiswahili kuliko wanaonicheka, na nikageuka mtu wa kusahihisha kila kitu, pamoja na matangazo ya kanisani. Bungoma nikakuta nao wanazibadilishana l na r kama majirani wanaoazimana chumvi. Mtoto akisema hivi, mimi naandika ilivyo sahihi. Msimamizi alinisifu mbele ya watu, na kichwa kikavimba.

Siku moja mzee mmoja kutoka Matulo alimleta binti yake wa miaka kumi na minne, jina lake Nafula. Alikuwa mtu wa heshima, amevaa koti licha ya joto. "Msichana amekuwa kichwa ngumu, madam," akaniambia. "Anatoroka kila wiki. Mnisaidie arudi kuwa mtu." Nikamwomba angoje nje.

"Kwa nini unatoroka nyumbani?" nikamuuliza Nafula.

"Ni mahari, madam. Mimi sitaki."

Nikatabasamu moyoni. Huyu naye na r zake! Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mtoto hapendi mahali anapoishi. Nafula aliinamisha shingo akaitazama kalamu yangu ikienda. Jioni hiyo gari la kampuni likampeleka Kitale.

Miezi michache baadaye nilihamishiwa Kitale nikawa mshauri wa bweni. Mkurugenzi alinipokea barazani. "Hapa hatupigi mtoto, Mama Njeri," akasema. "Samaki mkunje angali mbichi, lakini sisi tunamkunja kwa utepe."

Utepe ndio uliokuwa utaalamu wetu. Kila mtoto alikusanya alama za tabia, na alama zikampandisha ngazi, kila ngazi na rangi ya utepe aliofungwa mkononi: nyekundu, njano, bluu, kisha kijani. Kijani maana yake amehitimu, anakwenda nyumbani. Akikosa, alama zinashuka, na kosa likiwa kubwa anawekwa chumba cha utulivu, yaani chumba kitupu chenye godoro, akae peke yake afikiri. Nawaambia ukweli, nilipigwa na butwaa. Niliona watoto waliofika wakiwauma watu meno, baada ya muhula wakisomeana vitabu. Mtoto angefanya lolote apate kijani.

Isipokuwa mmoja. Sikumkumbuka mpaka niliposoma jina lake. Nafula alipanda njano, akapanda bluu, mpole kabisa. Kila alipobakiza alama moja kufikia kijani, alivua kiatu kimoja akakitupa chooni. Kimoja tu, cha kushoto. Akarudishwa nyekundu, akaingia chumba cha utulivu bila kusukumwa, kisha akaanza upya. Wenzangu walisema ana wazimu.

Jumatatu moja nilimwita tuchambue maharagwe pamoja, kwa sababu kwetu mtu husema vizuri mikono ikiwa na kazi.

"Nafula, viatu vimekukosea nini?"

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. "Madam, kijani si ni ya kwenda nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi mimi sitaki kijani."

"Kwani nyumbani kuna nini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye wazimu. "Si nilikuambia siku ile Bungoma? Ni mahari. Ng'ombe nne zilishaletwa, ziko kwa boma yetu. Huyo mzee alizileta ako na bibi tayari. Nikirudi, napelekwa kwake."

"Uliniambia?"

"Nilikuambia, ukaandika. Nikajua basi nyinyi wote mnajua, na mko upande wa baba."

Maharagwe yalinimwagika mapajani. Nilikwenda ofisini nikalitoa faili lake, nikaukuta mwandiko wangu, msafi, bila kosa hata moja la tahajia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini kilichonikalisha chini hakikuwa aibu. Mtoto yule, akiamini hana mtu hata mmoja wa kumtetea, alikuwa ameusoma mpango wetu kuliko Mkurugenzi aliyeutunga. Mahali palipojengwa pamvunje ukaidi, yeye alipafanya ngome yake, na kodi aliilipa kwa siku za kukaa peke yake kwenye lile godoro. Nilimwogopa kama unavyouogopa Mlima Elgon mawingu yanapofunguka ghafla asubuhi. Sijawahi kuona tena akili na ujasiri wa namna ile.

Nikamwendea Meneja wa Kituo. Alishanitangulia: baba yake Nafula alikuwa amechoka kungoja, na Meneja alikuwa amemwahidi kwamba Ijumaa binti atahitimu, alama ziwepo zisiwepo.

"Akihitimu anaolewa," nikamwambia. "Ni mtoto."

"Mama Njeri, mteja wetu ni nani?"

"Ni mtoto."

"Mtoto halipi ada. Mteja ni mzazi. Wewe weka sahihi, hayo mengine ni ya familia."

Ripoti ya kuhitimu ilihitaji sahihi ya mshauri. Nikasema nitaiweka, Mungu anisamehe, kisha nikaomba ruhusa ya kumpeleka mtoto mjini kununua viatu, kwani hawezi kuhitimu na kiatu kimoja. Meneja akaona ni sawa. Tulinunua viatu kweli. Kisha nikamshika mkono tukaenda kwa afisa wa watoto, yule wa serikali.

Afisa alikuwa mtu aliyechoka, meza imejaa mafaili. "Haya, shida ni nini?" akauliza.

"Ni mahari," Nafula akasema.

Kalamu ya afisa ikasimama. "Mahali gani?"

Nikafungua mdomo nieleze. Nafula akanigusa mkono. "Wacha, madam." Akamtoa afisa kalamu vidoleni kwa adabu, akaigeuza karatasi upande wake, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MAHARI. Chini yake akaandika jina la yule mzee, na idadi ya ng'ombe. Afisa alisoma, akainuka, akafunga mlango, akasema, "Keti, mama. Anza mwanzo." Nilianza kuketi, kumbe haniambii mimi.

Nafula hakurudi kituoni. Alipelekwa kwa mama yake mdogo huko Misikhu akaendelea na shule, na ng'ombe wakarudishwa walikotoka, si kwa furaha. Mimi nilifukuzwa kazi Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Nikarudi kwenye chaki mpaka nilipostaafu.

Sasa niko Endebess, nakama ng'ombe wangu wawili na kuwachosha wajukuu kwa maneno. Wanaoijua habari hii huniambia nilimwokoa yule msichana. Alijiokoa mwenyewe, mimi nilimnunulia viatu. Ninaowafikiria ni wale wengine walioketi mbele yangu Bungoma wakanieleza shida zao, nami nikawasahihisha. Wao walitii upesi, wakahitimu, wakaja kuchukuliwa, na sahihi iliyo chini ya fomu zao ni yangu.